Kulitoa Zimwi Jukwaani na Kuliingiza Kwenye Skrini: Mwongozo kwa Vikundi vya Maigizo na Filamu Uganda

Kikundi cha maigizo kinapoamua kupiga filamu ya zimwi, mara nyingi kazi huanzia mwisho: hununuliwa rangi nyekundu, hutafutwa pembe za mbuzi, taa hufunikwa kwa karatasi ya rangi, na baadaye ndipo watu hukumbuka kwamba bado hakuna hadithi. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, ambayo imejaribiwa kwa muda mrefu na watu wengine. Wajapani wamekuwa wakiyahamisha mazimwi yao kutoka jukwaani hadi kwenye kamera tangu 1899, na kwa kuwa mazimwi hayo yalikuwa yameigizwa kwa karne kadhaa kabla ya kamera kufika, waongozaji wao walilazimika kujiuliza swali ambalo sisi pia tunalihitaji: ni kitu gani hasa kinachotisha katika mchezo huu, na kitabaki vipi pale ambapo mwigizaji hayupo tena mbele ya watazamaji?

Jibu langu, ambalo nitalishikilia hadi mwisho, ni kwamba zimwi la jukwaa la Kijapani karibu kila mara ni mtu aliyegeuka, au kitu kilichojivika utu kwa muda, na hofu yote imewekwa katika kule kugeuka. Pembe na meno huja baadaye. Kwa hiyo kazi ya mwongozaji ni kuutambua mgeuko huo, kuelewa jukwaa linaufanyaje, kisha kutafuta namna ya kamera ya kufanya kazi ileile kwa vifaa alivyo navyo.

Uelewe mchezo kabla ya kuitazama filamu

Noh ni mchezo wa jukwaani uliopewa umbo lake katika karne ya 14 na Kan'ami na mwanawe Zeami. Jukwaa lake ni dogo, la mbao tupu, halina mandhari yoyote isipokuwa mti wa msonobari uliochorwa kwenye ukuta wa nyuma, na kando yake pana daraja refu ambalo waigizaji huingilia na kutokea. Mhusika mkuu huvaa kinyago. Msafiri anayekutana naye, ambaye mara nyingi ni mtawa, hakivai. Michezo mingi ya mazimwi imegawanyika sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mhusika mkuu huonekana kama binadamu wa kawaida, kwa mfano bibi kizee, msichana mchezaji ngoma au mwanamke wa heshima; kisha hutoweka jukwaani, na anaporudi amebadilishwa kinyago, mavazi na mwendo.

Chukua mchezo wa Kurozuka, ambao shule ya Kanze huuita Adachigahara. Watawa wanaosafiri wanafikiwa na usiku katika nyika ya Adachi, wanaona mwanga wa nyumba moja, na wanamwomba mwanamke mwenye nyumba awape mahali pa kulala. Anakataa kwa kuwa nyumba yake ni duni, wanamsihi, anakubali. Ndani pana gurudumu la kusokotea uzi, naye anasokota mbele yao huku akiimba masikitiko ya maisha yake, jinsi siku zinavyozunguka bila kumletea nafuu. Usiku unazidi kuwa baridi, na mwanamke anajitolea kwenda mlimani kutafuta kuni ili wageni wake waote moto. Kabla ya kutoka anawasihi wasichungulie chumba chake cha kulala. Mtumishi wa watawa anashindwa kujizuia, anachungulia, na anakuta maiti zimerundikwa hadi darini. Mwanamke anaporudi tayari ni zimwi, lakini bado amebeba kuni mgongoni.

Zingatia hizo kuni. Aliondoka akiwa na nia njema, na alipokuwa njiani akiwatafutia wageni moto, wageni waliivunja ahadi pekee aliyowaomba. Hasira yake ni ya mtu aliyeaibishwa nyumbani kwake, naye ni mla watu kwelikweli. Mchezo haukubali kuchagua mojawapo. Mwongozaji anayeziondoa kuni hizo ili zimwi lionekane kali zaidi atakuwa amebakiwa na mnyama anayekimbiza watu gizani, na filamu za namna hiyo tunazo za kutosha.

Dojoji hufanya mgeuko kwa njia nyingine. Kengele mpya inatundikwa katika hekalu ambalo, kwa mujibu wa hadithi, mwanamke aliyekataliwa aliwahi kugeuka joka na kumchoma mtawa aliyejificha ndani ya kengele ya zamani. Mchezaji ngoma anafika, anaingia ingawa wanawake wamekatazwa, anacheza kwa hatua chache sana zinazotenganishwa na ukimya mrefu ambao unavunjwa tu na ngoma ndogo na sauti za mpigaji, kisha anaruka ndani ya kengele wakati inapoachiwa ianguke. Akiwa humo ndani, gizani, peke yake, mwigizaji anabadilisha kinyago na mavazi kwa mikono yake mwenyewe. Kengele inapoinuliwa, aliyemo ni joka. Watazamaji hawakuona lolote, na hata hivyo wanajua kwamba mabadiliko yametokea umbali wa hatua chache kutoka walipoketi.

Katika Aoi no Ue, unaotokana na riwaya ya Murasaki Shikibu ya mwanzoni mwa karne ya 11, roho ya mwanamke aliye hai inatoka mwilini kwa wivu na kumshambulia mke mjamzito wa mpenzi wake. Mke huyo, ambaye jina lake ndilo jina la mchezo, haigizwi na mtu yeyote. Anawakilishwa na vazi lililokunjwa na kulazwa mbele ya jukwaa, na vipigo vyote vinaelekezwa kwenye nguo hiyo.

Kinyago kinachotumika katika michezo hii mitatu ni hannya, uso wa mwanamke mwenye pembe mbili, macho ya rangi ya dhahabu na mdomo uliopasuka. Kwa desturi, hannya mweupe huenda kwa mwanamke wa daraja la juu katika Aoi no Ue, mwekundu hutumika Dojoji, na mweusi huvaliwa Adachigahara. Ukikiangalia kwa makini utagundua kwamba nusu ya chini ya uso huo ina ghadhabu, ilhali paji na nyusi ni za mtu anayelia. Mwigizaji akikiinua kidogo, mwanga hukijaa na ukali hutokeza. Akikiinamisha, kivuli hushuka na huzuni ndiyo inayobaki. Kwa hiyo hata baada ya mgeuko, binadamu hajaondoka usoni. Nimekaa sana hapa kwa sababu kila nitakachokisema kuhusu kamera kinategemea jambo hilo.

Kabuki, uliokuja baadaye na kupendwa na watu wa mijini, unapenda mgeuko wa wazi. Vazi hulegezwa nyuzi na sehemu yake ya juu kuangushwa chini ghafla ili rangi nyingine ionekane. Uso huchorwa mistari ambayo rangi yake hueleza tabia, nyekundu kwa mashujaa na kahawia kwa mazimwi. Na katika njia inayopita katikati ya watazamaji pana mlango wa chini unaotumiwa na viumbe wasio wa kawaida. Vikaragosi vya Bunraku navyo vina kichwa maalumu kiitwacho gabu: msichana mzuri, uzi ukivutwa, mdomo unapasuka hadi masikioni na pembe zinachomoza kwa kufumba na kufumbua.

Andika mgeuko wako kabla ya kuandika mchezo wa filamu

Sasa shika karatasi. Andika sentensi moja inayoeleza zimwi lako lilikuwa nani kabla, lilitaka nini, na ni tendo gani la mtu mwingine lililoligeuza. Kwa Kurozuka sentensi hiyo ingekuwa: mwanamke mpweke aliyetaka kuwapokea wageni vizuri aligeuka zimwi pale wageni walipoifichua siri yake. Ikiwa sentensi yako inasema tu kwamba zimwi linakaa msituni na linakula watu, hujapata hadithi bado, na hakuna kamera itakayokusaidia. Kisha andika sentensi ya pili: watazamaji wataona nini, na hawataona nini, katika dakika ya mgeuko. Noh huficha, Kabuki huonyesha, gabu hushtua. Chagua moja, ukizichanganya zote tatu katika filamu ya dakika kumi, zitauana.

Jinsi waliotangulia walivyofanya

Filamu kongwe zaidi ya Kijapani iliyobaki ni ya zimwi. Momijigari ulikuwa mchezo wa Noh wa Kanze Nobumitsu kabla ya kufanywa Kabuki mwaka 1887: shujaa Taira no Koremochi anakutana na mwanamke mzuri akisherehekea majani ya vuli katika mlima Togakushi, anakunywa, analala, na mwanamke anageuka zimwi. Mnamo Novemba 1899, Shibata Tsunekichi aliupiga picha uwanjani nyuma ya ukumbi wa Kabuki-za, Tokyo, akiwa na waigizaji wakubwa wa enzi hiyo, Ichikawa Danjuro wa 9 na Onoe Kikugoro wa 5. Upepo ulikuwa mkali na ulimpokonya Danjuro upepeo wake wa mkononi katikati ya ngoma, na kosa hilo limo katika filamu hadi leo. Kamera imesimama mahali pamoja kama mtazamaji aliyelipia kiti. Tazama filamu hii ili uone mambo yanayopotea: mkanda hauna sauti, umbali kati ya mwigizaji na mtazamaji haubadiliki, na mgeuko unakuwa tukio moja miongoni mwa mengine. Hata hivyo mwili wa mwigizaji aliyefunzwa unabaki na uzito wake, nami ningependa kila mwigizaji wetu auone.

Somo kubwa zaidi limo katika Kumonosu-jo ya mwongozaji Akira Kurosawa, ya 1957, ambayo ni hadithi ya Macbeth, mchezo wa Shakespeare, iliyohamishiwa Japani ya vita. Kurosawa alichukua vitu viwili kutoka Noh. Cha kwanza ni kiumbe cha msituni: mzee mweupe ndani ya kibanda cha matete, akizungusha gurudumu la uzi na kuimba kwa sauti isiyo ya kike wala ya kiume, na anapotoweka wapiganaji wanakuta nyuma ya kibanda marundo ya mifupa. Aliyeisoma Kurozuka atalitambua gurudumu na atazitambua maiti. Cha pili ni uso wa Isuzu Yamada, anayeigiza mke wa shujaa. Kurosawa alimwonyesha kinyago cha Noh cha kufuatisha, na mwigizaji akaufanya uso wake utulie hivyo, bila pembe, bila kinyago chochote.

Tafuta tukio ambalo mke huyo anakwenda kuleta pombe yenye dawa ya kuwalaza walinzi. Anaelekea kwenye mlango wenye giza, anamezwa na giza hilo kabisa, na skrini inabaki haina mtu. Kisha anajitokeza kutoka gizani akiwa na mtungi. Kinachosikika ni mchakacho wa hariri ya vazi lake tu. Kwangu hiyo ni Noh nzima ndani ya sekunde chache: mtu ametoka, giza limefanya kazi ya daraja na chumba cha kubadilishia, na aliyerudi si yule aliyeondoka ingawa sura na nguo ni zilezile. Tukio hilo halihitaji fedha. Linahitaji mlango, giza na kipaza sauti kilichowekwa karibu na nguo.

Mwongozaji Kaneto Shindo alifanya kinyume chake katika filamu ya Onibaba ya 1964. Badala ya kukificha kinyago, alikifanya kitu halisi ndani ya hadithi. Mama mkwe na mke wa mwanawe wanaishi katika bahari ya nyasi ndefu wakati wa vita, wanawaua wapiganaji waliopotea, wanawatupa katika shimo na kuuza silaha zao ili wapate mtama. Mwana akifa vitani, kijana mwenzake anarudi na kumvuta mjane. Mama mkwe, akihofia kuachwa peke yake, anavaa kinyago cha zimwi alichokipora kwa mpiganaji na kumtisha mkwewe usiku ndani ya nyasi. Mvua inanyesha, kinyago kinaganda usoni, na kinapovunjwa kwa nyundo uso ulio chini yake umeharibika. Mkwe anakimbia akidhani amekutana na zimwi, na mama anamfuata akilia kwamba yeye ni binadamu. Shindo aliipata mbegu ya hadithi hii katika kisa cha Kibuddha alichosimuliwa na mama yake, si katika mchezo fulani wa Noh. Lakini swali lake ni lilelile la hannya, kwamba binadamu aliyemo ndani ya uso huo amekwenda wapi. Angalia pia nyasi. Mwongozaji alipata mandhari moja na akaitumia kwa kila kitu: maficho, njia, mapazia na sauti. Sisi tuna mafunjo katika mabwawa yetu, marefu kuliko mtu, yanayosikika upepo ukipita, na bado tunakodi nyumba za ghorofa kupigia filamu za kutisha.

Miaka minne baadaye alitoa Kuroneko, ambayo mimi naipenda zaidi ya Onibaba, ingawa najua ninapingana na wengi. Asili yake iko wazi zaidi jukwaani. Katika hadithi ya kale, mpiganaji Watanabe no Tsuna anaukata mkono wa zimwi. Katika mchezo wa Kabuki wa Ibaraki, wa 1883, zimwi linarudi nyumbani kwake likiwa na sura ya shangazi yake, linaomba lionyeshwe mkono huo, linaunyakua na kugeuka. Shindo aliupindisha ukaribu huo ukawa mkali zaidi: zimwi la paka ni mama mzazi wa mpiganaji, aliyeuawa na askari pamoja na mke wa mwanawe huyo, na mwana ametumwa kulimaliza bila kujua ni nani. Mwana anaigizwa na Nakamura Kichiemon, mwigizaji wa Kabuki. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na ndivyo inavyokuwa kwa mke: anamtambua mumewe, anakataa kumuua, anapata siku saba tu za kuwa naye, kisha anatoweka kwenda kuzimu. Mama yeye habadili nia kwa urahisi hivyo. Filamu inaonyesha miruko ya hewani na vivuli vya mianzi vinavyotembea ukutani bila aibu, kwa kuwa Kabuki haina aibu na ufundi wake.

Kwa wenye subira ya vikaragosi, Kihachiro Kawamoto alitengeneza filamu fupi Oni mwaka 1972 na Dojoji mwaka 1976, akivisogeza vikaragosi kidogokidogo mbele ya kamera. Nyuso zao hazibadiliki. Mwanga na mwinamo wa kichwa ndivyo vinavyofanya kazi, kama kwenye Noh. Kikundi chenye simu moja, mbao, vitambaa na uvumilivu kinaweza kuanza na njia hiyo.

Vijana wengi watakuwa wamefika kwenye mazimwi ya Kijapani kupitia Kimetsu no Yaiba, katuni ya televisheni iliyoanza 2019. Haikutokana na mchezo wa jukwaani, lakini tazama zimwi linapokufa humo: ghafla tunapelekwa kwenye maisha yake alipokuwa binadamu, na tunaelewa alipoteza nini. Ni mpangilio wa Noh uliogeuzwa, zimwi kwanza na binadamu baadaye. Mwaka 2022 hadithi hiyo ilipandishwa jukwaani Tokyo kama mchezo wa Noh na Kyogen (vichekesho vinavyoambatana na Noh), na haikuhitaji kubadilishwa sana ili ikae pale.

Oiwa wa Yotsuya Kaidan, mchezo wa Kabuki wa 1825 uliofilimishwa mara nyingi, ni mzimu wa kisasi wala si zimwi, kwa hiyo nampita. Mwenye kupenda nywele ndefu zinazofunika uso ajue tu kwamba zilianza jukwaani.

Zoezi: mama yake Njabala

Usinakili hadithi ya Kijapani moja kwa moja. Nakili namna yao ya kufikiri, uitumie kwa hadithi ambayo bibi zetu waliisimulia. Watu wa Buganda wana Njabala, msichana aliyedekezwa hadi akaolewa bila kujua kulima. Wazazi wake wamekufa, naye akiwa shambani analia na kumwita mama yake. Mzimu wa mama unakuja, unamlimia huku ukimwonyesha kwa wimbo jinsi wanawake wanavyolima, na unamwonya asimwache mkwe akaukuta. Kwa desturi, mama mkwe na mkwe hawapaswi kukutana uso kwa uso, kwa hiyo aibu hapa ni kubwa kuliko woga. Mwishowe mume anawafumania.

Sentensi ya kwanza ya zoezi letu basi ni hii: mama aliyekufa, ambaye upendo wake haukujua kikomo, anageuka kitu cha kutisha pale mkwe anapomwona. Sentensi ya pili ndiyo ngumu. Mwongozaji mvivu atampaka mwigizaji unga mweupe na kumwekea macho mekundu. Ushauri wangu ni kuazima vazi la Aoi no Ue. Weka gomesi, lile vazi la heshima la wanawake, iliyokunjwa vizuri, yenye mshipi wake, kwenye ukingo wa shamba la migomba; Njabala ameileta kama kumbukumbu ya mama. Anapolia, kamera ibaki kwake, na sauti ya jembe ianze kusikika nje ya picha. Kamera inaporudi kwenye gomesi, bado imekunjwa, ila udongo uliolimwa umesogea. Siku ya pili, pindo la gomesi lina matope. Siku ya tatu haipo mahali pake. Hapo ndipo mume afike mapema kutoka mjini, aone kwa mbali mgongo wa mwanamke aliyevaa gomesi hiyo akilima kwa kasi isiyo ya binadamu, na amsalimie kwa adabu akidhani ni jirani. Mwanamke aache kulima. Asigeuke. Kata picha kabla hajageuka, au mwache ageuke ukiwa na uhakika kwamba uso utakaouonyesha una majonzi ya kutosha. Sioni njia ya kati. Na usimwekee pembe mama wa mtu.

Kinyago, mwanga na sauti

Ikiwa hadithi yako inadai kinyago, kitengeneze kwa tabaka za magazeti na uji mzito wa unga wa muhogo juu ya umbo la udongo, ukiacha kila tabaka likauke kabisa. Chonga nyusi na mdomo visipatane: juu huzuni, chini ghadhabu. Rangi iwe isiyong'aa, kwa kuwa rangi ya mafuta hurudisha mwanga wa taa na kukifanya kionekane plastiki. Kabla ya kukimaliza, kivae, simama chini ya mwanga unaotoka juu, mtu akupige picha ukiinua na kuinamisha kichwa polepole. Usipoona tofauti kati ya picha hizo, ongeza kina cha macho na utokezo wa paji. Mwanga wa chini, ule wa tochi kidevuni ambao kila kikundi huanza nao, unaua kabisa uwezo huo, maana kivuli hupanda badala ya kushuka. Jua letu la saa sita mchana hutoka juu kabisa lakini ni kali mno. Piga ukingoni mwa baraza au chini ya migomba, ambapo mwanga wa juu umepunguzwa.

Wanaotaka kutumia lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, wakumbuke kwamba kwa jadi kitambaa hicho hutumika kusitiri maiti. Kwa sababu hiyohiyo kinafaa, na kwa sababu hiyohiyo kaeni na wazee wa mahali mnapopigia filamu kabla ya kukivalisha zimwi.

Mwigizaji wa zimwi afanye mazoezi ya kutembea bila kuinua nyayo, kichwa kikibaki kwenye kimo kimoja. Ni kazi ya majuma, na itamsaidia kuliko kunguruma.

Kuhusu sauti, Noh ina kanuni ninayopenda kuisisitiza: kati ya ngoma zake tatu, ile inayopigwa kwa fimbo mbili haisikiki katika kila mchezo, hutengwa zaidi kwa ujio wa miungu, mizuka na mazimwi. Fanya vivyo hivyo. Chagua chombo kimoja ambacho hakitasikika popote isipokuwa kiumbe kikiwa karibu. Engalabi, ile ngoma ndefu ya ngozi ya kenge, tayari masikio ya Waganda wanaihusisha na sherehe za kuhitimisha msiba, kwa hiyo itafanya nusu ya kazi kabla hujaanza. Sehemu nyingine za filamu ziache na sauti za mahali penyewe, na katika dakika ya mgeuko jaribu kuondoa kila kitu. Muziki wa kutisha uliopakuliwa bure mtandaoni kila mtu ameshausikia kwenye filamu tatu nyingine.

Hadithi za kale kama Kurozuka au Njabala hazimilikiwi na mtu, lakini filamu, katuni, muziki na michoro iliyotajwa humu ina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inahusika. Usikate kipande cha filamu ya mtu ukakibandika katika yako, hata kama ni sekunde tano za upepo kwenye nyasi.

Mwisho, fikiria kibanda cha video. Filamu yako ikionyeshwa vibandani, huenda ikapitia mikononi mwa vijei, yaani wasimulizi wanaotafsiri na kuieleza filamu mbele ya watazamaji, na hao hawanyamazi. Kazi yao ni kusema, na watazamaji huwalipia hilo. Usigombane nao. Mpe msimuliaji mchezo wa filamu mapema, mwonyeshe dakika ambayo mgeuko unatokea, na mwombe azungumze zaidi kabla yake: awaeleze watu kuhusu gomesi, kuhusu aibu ya mkwe, kuhusu mama aliyempenda mtoto kupita kiasi, kwa Kiswahili, Kiganda au lugha yoyote ya mahali hapo. Kisha aweke kipaza sauti chini tangu jembe linaponyamaza hadi picha inayofuata. Kama hawezi kukubali ukimya wa sekunde ishirini, hariri nakala ya pili ambayo mgeuko wake umebebwa na ngoma badala ya ukimya, na umpe hiyo.